Chupa Isiyooshwa

Mwaka ule niliogopa chupa mbili kuliko nilivyoogopa bunduki. Nasema hivi nikijua ninachosema, maana bunduki sisi wa Bunia hatukuisoma vitabuni. Milio ikisikika upande wa barabara ya Djugu, nilifunga mlango, nikahesabu waliomo ndani, nikakuta tumo wawili kama kawaida, mimi na mama. Halafu, badala ya kulala chini kama watu wenye akili zao, nilikwenda chumba cha nyuma kuangalia kama chupa zangu zimetikisika.

Ndani ya chupa zile kulikuwa na maji ya chumvi na mwani wa baharini, ule mdogo usioonekana kwa macho. Seli zake zikiwa nyingi sana unaona tu rangi ya chai nyepesi chini ya maji, basi. Watu waliniuliza bahari imefika lini Ituri, na walikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimekaa mwaka mmoja pwani, katika maabara ya profesa aliyekubali kusimamia kazi yangu ya masta. Muda ulipokwisha nikarudi Bunia na chupa mbili kwenye mkoba wa mgongoni, zimeviringishwa ndani ya taulo. Bahari nilikuwa naitengeneza mwenyewe: maji niliyoyachemsha na kuyachuja, unga wa chumvi za bahari niliopewa kule, na matone machache ya virutubisho. Ubaridi niliupata kwa beseni la maji, katika chumba ambacho dirisha lake halipigwi na jua kali. Mji wetu uko juu, hauna joto la kuua. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Lazima nieleze kidogo, la sivyo hofu yangu itaonekana ya kichaa. Seli ya mwani huu imejengwa kama kisahani cha sabuni chenye kifuniko. Inapogawanyika, kila nusu inajitengenezea nusu ya pili, na hiyo mpya inaingia ndani ya ile ya zamani. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, seli zinafupika. Zikifika udogo fulani zina njia mbili tu. Ama zikutane na seli za upande mwingine, zichanganye vinasaba, azaliwe mtoto mkubwa mwenye urefu wa mababu zake. Ama ziendelee kugawanyika zenyewe mpaka ziishe. Pande ni mbili, tuseme ya kike na ya kiume, ila huwezi kuzitofautisha kwa darubini hata ukodoe macho mpaka yatoe machozi. Tofauti imo ndani ya DNA: upande mmoja una kipande ambacho upande wa pili hauna. Tulikiita alama. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba ukiijua alama ya seli, unajua itakubali kuungana na nani. Chupa A ilikuwa na zenye alama. Chupa B ilikuwa na zisizo nayo. Ukiipoteza moja, nyingine ni mjane, na wewe huna kazi ya kutetea.

Haya yote nilimweleza mama wiki aliyohamia kwangu, na nilimweleza vibaya.

Mama alikuwa ametoka upande wa Fataki. Nyumba ilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na yeye akafika Bunia na kitenge alichovaa, Biblia na kibuyu kitupu cha mashanza. Kwao alisifika kwa mashanza yake, maziwa ya kugandisha ambayo watu walitoka vilima vingine kuja kuomba mbegu yake. Kibuyu alikitundika ukutani kwangu, karibu na mlango wa jikoni, na hakuna siku aliyosema kitakuja kutiwa maziwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia asubuhi na mtu wa chupa alasiri. Nilikuwa na haraka na mdomo mkali, na nilidhani elimu inaniruhusu.

Siku ya pili aliingia chumba cha nyuma kufagia, akasogeza chupa B kidogo apate kupitisha ufagio. Nilipomwona nilipiga kelele. Halafu nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nilimwambia, "Mama, ukiua hizi, umeniua miye."

Aliuegemeza ufagio ukutani. "Nimesikia," akasema.

Tangu siku hiyo alipita mbele ya mlango ule kama mtu anayepita kizuizi cha askari, macho chini, hatua za haraka. Mimi niliona ni heshima kwa sayansi. Nilifurahi hata.

Katikati ya mwaka nilitumwa kusimamia mitihani ya serikali huko huko Fataki. Zilikuwa siku nne tu. Jirani hakutaka kuzisikia zile chupa. Tangu wakati wa magonjwa yale makubwa ya kuambukiza, kitu chochote chenye kizibo na maji ya rangi kilimtia wasiwasi, akaniuliza kama iko maji ya hospitali. Hakubaki mwingine ila mama. Nikamwonyesha: kila asubuhi ushike chupa hivi, uzungushe taratibu mara tatu, uirudishe kwenye beseni, ubadilishe maji ya beseni jua likiwa kali, usifungue isipokuwa lazima. Alirudia kila kitu kama mtoto wa katekisimu. Nilimwona akipangusa viganja kwenye kitenge kabla ya kushika chupa, nikaendelea kufunga mkoba.

Siku nne ziligeuka wiki tatu. Siku ya mwisho ya mitihani barabara ilikatwa, magari mawili yakachomwa, tukabaki ndani ya uzio wa misheni tukisikiliza redio na kutazamana. Nilivaa viatu mchana kutwa, hata nikiwa nimekaa, kwa sababu hujui utaondoka saa ngapi. Niliogopa kufa, sitaficha. Lakini mtandao ulipokuja, dakika mbili au tatu tu, na mama akapokea simu, neno langu la kwanza halikuwa salamu.

"Chupa?"

"Iko muzuri," alinijibu kila mara. "Zote mbili iko muzuri."

Nami nikakata, nikitunza betri.

Niliporudi, vumbi la njia likiwa bado kwenye nywele, nilimpita mama mlangoni nikaenda chumba cha nyuma. Zilikuwepo. A na B, ubavu kwa ubavu kwenye beseni, zote zina rangi ya chai, zote nzima. Nilikaa sakafuni nikalia kwa nafuu. Mama alisimama nyuma yangu, mikono ndani ya kitenge, akanitazama. Nilidhani na yeye anafurahi.

Siku chache baadaye nilizipima seli chini ya darubini. Za chupa B zilikuwa fupi kiasi nilichotarajia. Za chupa A, ambazo siku zote zilikuwa ndefu kidogo kuliko za B, sasa zilikuwa fupi sawasawa na za B. Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Nilijiambia ni joto, nikaandika "joto" kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake nipate kuamini.

Kisha nikaanza kuziunganisha. Tone la A, tone la B, kwenye kisahani kimoja, siku tatu za kungoja. Seli zikikubaliana unaziona zinalala sambamba mbili mbili. Sikuona kitu. Nikarudia. Wiki, mwezi, miezi miwili, na kila mara seli zilikuwa zinapitana kama watu wa soko wasiojuana, huku zikizidi kufupika. Nilianza kuota mchana, darasani mbele ya wanafunzi, kwamba nafungua mlango na kukuta maji ya chupa yamekuwa meupe, kila kitu kimekufa.

Wakati huo ndipo ujumbe wa profesa ulipofika. Friji ya maabara yao ya pwani ilikuwa imeharibika mwishoni mwa juma hakuna mtu kazini. Seli zake zote zenye alama zilikufa. Alikuwa amezitafuta tena baharini misimu miwili, ndoo kwa ndoo, akapata zisizo na alama tu. Aliandika kwamba, kwa kadiri anavyojua yeye, ukoo ule umebaki kwenye chupa yangu A tu, na akaniomba niilinde. Niliusoma ujumbe nikiwa nimesimama uwanjani. Chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga Bunia, beseni la plastiki, na mimi. Nilitaka kumjibu kwamba amekosea mtu. Nilimjibu, "Bila shaka, Profesa."

Siku iliyofuata, ndani ya tone la chupa A, niliona seli moja kubwa. Ilikuwa ndefu karibu mara tatu ya wenzake, imenyooka, nzuri kupita kiasi. Nilishtuka hata nikaondoa jicho kwenye darubini. Katika chupa ya upande mmoja mtoto mkubwa hawezi kuzaliwa. Hana mzazi wa pili. Kwa hiyo, nikawaza, huyu ni mgeni, mwani wa aina nyingine aliyeingia na vumbi, na mgeni akiingia huwamaliza wenyeji. Nilichukua chupa mpaka kwenye ndoo ya maji machafu ili niimwage kabla haijaambukiza B. Nilisimama pale na kizibo mkononi. Sikumwaga kwa sababu ya woga tu, wala si kwa hekima yoyote. Niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayeumaliza ukoo.

Kulikuwa na njia moja ya kujua. Mjini kuna maabara yenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha DNA mpaka kionekane, ile ile ambayo watu wote wa Ituri walilijua jina lake wakati wa magonjwa, na fundi wake alikuwa amenikubalia kuitumia Jumamosi, sampuli za wagonjwa zikiwa zimekwisha. Alikuwa mzee wa mzaha. Alikwisha kuona damu ya kila namna, na maji yangu yalimchekesha.

"Mama Bahari," aliniambia mlangoni, "leo unatuletea samaki gani?"

Sikuweza kucheka. Tulitoa DNA ya chupa zote mbili, tukatia mchanganyiko, mashine ikazunguka saa mbili na nusu. Niliketi kwenye benchi la wagonjwa. Kisha tukapitisha kwenye jeli, ambapo alama ikiwepo hutokea kama mstari, tukaiangalia chini ya taa ya buluu. Chupa B haikuwa na mstari wa alama, sawa. Chupa A ilipaswa kuwa na mstari mnene, mweupe, usio na ubishi. Pale pa mstari palikuwa peusi.

"Chupa yako ya A iko B," fundi alisema, sasa bila mzaha. Halafu akainama karibu zaidi. "Ngoja. Hapa iko kitu kidogo sana. Unaona? Ao ni uchafu."

Kulikuwa na kivuli cha mstari, hafifu kiasi kwamba ukikitazama moja kwa moja kinapotea. Nilimshukuru, nikaondoka. Njiani kurudi nilitembea nikihesabu nani anafahamu na nani hafahamu: profesa hafahamu, shule haifahamu, mimi nafahamu kwamba ukoo umekwisha. Sikumwaza mama kabisa mpaka nilipoingia uani nikamkuta anachambua maharage, naye akaniangalia usoni, akaacha kuchambua.

Hakuna niliyekuwa nimemwambia ninakwenda kupima nini. Lakini alijua.

"Mama," nikasema, "wakati nilikuwa Fataki, chupa ya A ilifanya nini?"

Aliweka ungo chini. Akapangusa vidole kimoja kimoja kwenye kitenge.

"Ilikufa," akasema. "Siku ya sita. Jua ilikuwa kali, nilienda kanisa, maji ya beseni ikakuwa moto. Nilirudi, nikakuta ile ya A iko mweupe. Ile ingine ilipona sababu ilikuwa upande wa ukuta."

"Na ukafanya nini?"

"Nilifanya vile tunafanyaka na mashanza. Ya mutu ikikufa, anaenda kuomba mbegu kwa jirani, anatia mu kibuyu yake, inarudia. Nilichukua ku ile ya B, nikatia mu ya A. Kisha siku tatu ikarudia rangi. Nilifikiri iko sawa. Mashanza iko moja tu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilihisi kelele ikipanda, ile ile ya siku ya ufagio. Miezi yote ile nilikuwa nazipa seli dada zao ziolewe nao.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikupigia simu kila mara. Kila mara nilikuuliza."

"Ulisema nikiua hizo, nimekuua weye." Sauti yake haikupanda. "Nyumba yangu iliungua. Ngombe ilienda. Hapa ndiyo pa mwisho. Kama ungenifukuza, ningeenda wapi?"

Nilikaa chini kando ya maharage. Kwa mwaka mzima nilidhani katika nyumba ile tunaogopa barabara ya Djugu. Kumbe mama yangu alikuwa ameukimbia ule moto akaja kuniogopa mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilijaribu kusema nisamehe, nikasema kitu kingine kisichoeleweka, naye akaendelea kuchambua maharage kwa sababu mikono yake haikujua ifanye nini.

Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Ndipo lilinijia swali moja, nikamshika mkono.

"Mama, kabla ya kutia mbegu, uliosha chupa?"

Alinyanyuka nusu, akaogopa upya. "Apana. Kibuyu ya mashanza haioshwake na maji. Nilimwaga ile maji mweupe, chini ikabakia kidogo, nikatia mbegu juu yake. Ilikuwa mubaya?"

Nilikuwa naona kivuli kile cha mstari, na seli kubwa niliyotaka kuimwaga. Mabaki ya chini hayakuwa yamekufa yote. Seli chache zenye alama zilipona joto, zikabaki zimetapakaa katikati ya umati wa zile za B, chache mno kuonekana kwenye tone langu la kuunganisha. Lakini zilionana. Ndani ya chupa niliyodhani ni ya upande mmoja, bila msaada wangu, baadhi ziliungana. Yule hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto, na kibuyu kisichooshwa ndicho kilichomleta.

"Haikuwa mubaya," nikasema. "Haikuwa mubaya hata kidogo."

Hakuniamini. Sikumlaumu.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kutetemeka. Nilitafuta watoto wakubwa mmoja mmoja, nikawavuta kwa kijibomba cha kioo chembamba kuliko unywele, kila mmoja nikampa kisahani chake. Mtoto anaweza kufuata upande wowote, kwa hiyo kuwapata hakukutosha; ilibidi wakue, wagawanyike, ndipo nipime. Nilipata kumi na mbili. Saba walikufa wiki ya kwanza, na kila kisahani kilichogeuka cheupe nilikitoa nje kama ninabeba maiti. Mama hakukaribia. Alinipa chai mlangoni, akaweka kikombe kizingitini, akarudi nyuma.

Mwezi ulipokwisha nilipeleka watano waliobaki kwa fundi. Ilisemekana kuna ugonjwa umeonekana upande wa Bambu, na mashine ingetengwa kwa sampuli za watu tu kuanzia Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi. Aliniruhusu raundi moja tu. Jeli ilipowekwa chini ya taa niliangalia ukuta.

"Mama Bahari," akasema, "geuka."

Watatu hawakuwa na kitu. Wawili walikuwa na mstari mnene kabisa, unaoonekana hata kwa mtu asiyetaka kuona.

Nilimwandikia profesa kila kitu, hata ya mashanza. Alijibu kwamba niende Kisangani, kwenye chuo kilichoniandikisha, na daftari langu, kamati itaniongezea muda, na nisiwasafirishe wale wawili kwanza, wapumzike. Ilikuwa safari ya ndege, wiki moja. Wale wawili nilikuwa nimeshawahamishia kila mmoja kwenye chupa yake; nilipomwambia mama aziwekee jicho, alikataa katakata.

"Peleka kwa fundi wako."

"Fundi ana wagonjwa."

"Basi beba."

"Wako wadogo, watakufa njiani. Mama, nakuomba." Nikamshika mikono yote miwili. "Nilisema maneno mubaya siku ile. Chupa ni chupa. Ikikufa, uniambie siku ile ile. Hapa ni kwako, ikufe ao ipone."

Lakini asubuhi ya safari nilimkuta chumba cha nyuma, amelisogeza beseni mbali na dirisha, upande wa ukuta, na chupa ya zamani ya A iko mkononi mwake. Aliuliza kama aioshe. Nikamwambia asiioshe kamwe.

Siku ya tatu Kisangani, nikitoka mbele ya kamati, nilimpigia. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Umeamkaje, mama?"

"Mbona hauulize chupa?"

"Nakuuliza weye kwanza."

Nikasikia anaburuta kiti, anakaa.

"Ku zile mbili za alama, moja imekuwa mweupe," akasema. "Leo asubuhi. Ingine iko muzuri. Sikutia kitu. Sikuosha. Nimekuambia."

Niliegemea ukuta wa lile jengo. Sasa duniani ilibaki chupa moja ya hakika yenye alama, na kati yetu kilomita mia nyingi za msitu. Nilimwambia asante, na kwamba amefanya vizuri. Kisha nikamuuliza amekula nini.